Viti vya Chuma vya Barazani: Kazi ya Kufanya Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi

Viti vya chuma vya barazani na bustanini hupakwa rangi upya mara nyingi kuliko inavyostahili, na sababu karibu siku zote ni ileile: rangi mpya imepakwa juu ya kutu. Mwenye nyumba anaona viti vimechakaa, anamwita fundi, fundi anapitisha brashi ya waya kwa dakika chache, anafungua kopo, na jioni viti vinang'aa. Masika yakipita, rangi inaanza kuvimba miguuni na kwenye maungio. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka, na chini yake kuna unga mwekundu. Hapo lawama zote huiangukia rangi: "Siku hizi ni feki tupu." Rangi feki zipo, sikatai. Lakini hata iliyo bora kuliko zote haina pa kushika ikiwa chini yake kuna kutu, chumvi, mafuta au vumbi.

Mwongozo huu unahusu kazi inayotangulia rangi. Nimewafikiria hasa wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwani, kwa kuwa huko ndiko chuma kinakoteseka. Anayeishi Dodoma au Nairobi ataufuata vilevile, ila kwake kazi itakuwa nyepesi kidogo. Unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi na Jumapili, au ukautumia kumsimamia fundi.

Kijue chuma chako

Tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu, uibandike kwenye mguu wa kiti. Isiponasa na kiti ni chepesi, hiyo ni alumini. Alumini haipati kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe unaofanana na chokaa. Usiiendee kwa brashi ya waya ya chuma, maana chembe za waya hubaki zimejikita humo na kupata kutu zenyewe, ukaishia na madoa ya kahawia kwenye kitu ambacho hakikuwa na kutu. Alumini inataka msasa laini, namba 180 hadi 240, kwa mkono mwepesi, kisha praima iliyoandikwa kwamba ni ya alumini au mabati. Kostiki soda isiikaribie kabisa: huila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo huwaka.

Sumaku ikinasa, lakini uso una rangi ya fedha yenye mabaka-mabaka ya bati jipya la paa, chuma hicho kimevikwa zinki. Hilo tabaka ndilo kinga yake, na ukilisaga ukaliondoa umejitia hasara mwenyewe. Kioshe, kikwaruze kidogo tu kipate ukakasi, na usikipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta yaliyomo kwenye rangi huungana na zinki yakafanya kitu cha jamii ya sabuni, na rangi hubanduka kwa mapande. Hapo pia inahitajika praima ya mabati.

Kinachobaki ni chuma cha kawaida, ndicho kilichotengenezewa viti vingi vya kwetu: skwea paipu, fleti na nondo za kusokota, vilivyochomelewa Gerezani, Kamukunji au kwa fundi wa pale kona. Kuanzia hapa nazungumzia hivyo.

Kabla hujanunua hata kipande cha msasa, hakikisha kiti bado kinastahili gharama. Kipindue miguu juu. Gonga kila mguu kwa mpini wa bisibisi ukianzia kwenye kiti kwenda kwenye ncha. Chuma kizima kina mlio mkali. Kilichooza kinatoa mlio mfu. Skwea paipu huoza kuanzia ndani: maji huingia kupitia mshono wa kuchomelea usiozibwa vizuri, hushuka hadi chini ya mguu, na vile vifuniko vya plastiki vilivyowekwa kulinda sakafu huyafungia yasitoke. Vitoe vyote, na usishangae vikimwaga maji ya kahawia. Kisha bonyeza ncha ya bisibisi mahali penye mlio mfu. Ikizama, hapo msasa hauna kazi. Peleka kiti kwa mchomeleaji akate kipande kilichooza aweke kipya. Mambo yote ya kuchomelea yaishe kwanza, kwa sababu moto wake huunguza rangi pande zote za mshono.

Kuna mafundi watakaokushauri uzibe tundu kwa bodi fila, ile ya kunyooshea magari. Kwa kishimo kidogo mahali pasipobeba uzito, sawa. Kwa mguu wa kiti anachokalia mgeni, kataa. Fila inaficha uozo, haibebi mtu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Osha kwanza, msasa baadaye

Watu wengi huanza na brashi au msasa, kisha huosha vumbi. Kwa aliye mbali na bahari si neno kubwa. Kwa aliye pwani, huko ni kuanza vibaya.

Upepo wa bahari hubeba chembe ndogo za chumvi zikatua juu ya kila kitu: vioo, mapazia, majani, viti. Mvua huosha zile zilizo wazi, lakini zilizo chini ya kiti, nyuma ya egemeo na ndani ya mikunjo ya maua ya chuma hazipati mvua, zinarundikana. Ndiyo maana kiti cha barazani, kilicho chini ya paa, wakati mwingine huoza kabla ya kile kilichoachwa katikati ya bustani. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo haikunyesha tone, na penye majimaji ya chumvi kutu hukimbia.

Sasa ukipiga msasa juu ya chumvi hiyo, unaisaga na kuikandamiza ndani ya vishimo vya kutu. Ukipaka rangi juu yake, haifi. Hakuna rangi isiyopitisha unyevu kabisa. Chumvi iliyofungiwa chini huendelea kuvuta maji kupitia rangi hiyo, yakajikusanya, yakafanya malengelenge. Ukipasua lengelenge la namna hiyo mara nyingi hukuta kitone cha maji kabla hata hujaona kutu.

Kwa hiyo toa mito, fungua kila kinachofunguka, na uoshe kiti kizima kwa maji, sabuni na brashi ngumu ya kufulia. Zingatia chini ya kiti, maungio na mikunjo. Sehemu za mikono ya kiti na ukingo wa meza zina kitu kingine: jasho, mafuta ya mwilini, mafuta ya chakula. Hapo tumia sabuni ya vyombo na usugue mara mbili. Msasa hauondoi mafuta, unayasambaza.

Kisha suuza kwa maji mengi, na hapa kuna mtego wa pwani ambao wageni hawaujui. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja yana chumvi. Kama maji yako hayatoi povu la kueleweka au ulimi unayakataa, usiyatumie kusuuzia. Utakuwa unarudisha kile ulichotoka kukiondoa. Osha nayo ukitaka, lakini mwisho malizia na maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni ndoo moja kwa kila kiti.

Ukitaka kujua kama mafuta yamekwisha, tazama maji ya mwisho yanavyokaa. Yakitandaa na kulowanisha uso wote, pamesafika. Yakijikunja na kuwa matone yanayobingirika kama juu ya jani la mgimbi, mafuta bado yapo. Rudia sabuni. Halafu anika juani mpaka maungio nayo yakauke, na vipaipu vilivyo wazi uviegemeze ili vitoe maji.

Tahadhari ya rangi kuukuu

Ikiwa viti ni vya zamani, vya kurithi au vya kununua mnadani, vyenye matabaka ya rangi usiyoijua asili yake, chukulia kwamba ndani mna madini ya risasi. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa risasi ili zikauke haraka na kung'aa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ya namna hiyo usiipige msasa ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Tandika turubai, lowanisha, tumia msasa wa maji, na makapi yote yafunge kwenye mfuko yasimwagwe bustanini. Watoto na wajawazito wakae mbali. Kuku pia wafungiwe siku hiyo, kwani hudonoa vigamba vya rangi na mayai yao unayala wewe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kukwangua

Kanuni ni moja: kilicholegea kitoke, kilichoshika kibaki. Huna haja ya kuvua rangi yote kama nusu yake bado imeshikamana na chuma. Rangi kuukuu iliyoshika vizuri ni msingi mzuri kuliko chuma kilichovuliwa ovyo. Ipime hivi: chora alama ya X kwa wembe hadi kwenye chuma, bandika selotepu ya nguvu juu yake, isugue kwa ukucha, kisha iambue ghafla. Ikiondoka na rangi, tabaka hilo halifai, litoe lote. Isipoondoka na kitu, liache.

Tumia kikwanguo au patasi kuukuu kuingia chini ya rangi iliyovimba. Usiishie pale uvimbe unapoishia. Kutu hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima, kwa hiyo endelea kukwangua mpaka ukutane na rangi inayokataa kutoka. Magamba mazito ya kutu yanang'oka vizuri kwa nyundo ya fundi wa kuchomelea, ile yenye ncha. Gonga kwa wepesi; chuma chembamba hubonyea. Na kama miguu ya benchi lako ni ya chuma cha kumimina, ile mizito yenye maua, usiigonge kabisa, maana hupasuka.

Hapohapo kwenye mishono, ondoa slagi na matone ya moto yaliyoganda. Slagi ni kama kioo: rangi huishika, kisha siku moja hudondoka pamoja nayo. Viti vingi vya mtaani huanza kutu kwenye mishono, na si kwa bahati mbaya. Fundi alichomelea, akapaka rangi ileile jioni, na slagi ikabaki ndani.

Brashi ya waya na udanganyifu wake

Brashi ya waya ni ya lazima kwa mikunjo na kona, lakini ina hila yake, hasa ile ya kikombe inayofungwa kwenye grenda. Inapozunguka kwa kasi haitoi kutu yote. Inaisugua na kuing'arisha mpaka inakuwa ya kahawia iliyoiva, yenye mng'ao, na macho yanaamini kazi imekwisha. Pitisha kipande cha msasa namba 60 juu ya mng'ao huo. Ukitoka unga mwekundu au wa kahawia, hiyo bado ni kutu. Chuma kilichosafika kina rangi ya kijivu hafifu, na msasa ukipita juu yake huacha mikwaruzo myeupe.

Kwa hiyo brashi itangulie, msasa ufuate. Msasa una kazi mbili ambazo brashi haiziwezi: kukata kutu iliyobaki, na kuacha mikwaruzo midogo ambayo praima itaishika.

Dukani omba msasa wa chuma, wenye mgongo wa kitambaa, unaokatwa kwa mita. Ule wa karatasi wa mafundi seremala huchanika kwenye kona ya kwanza. Namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali. Kwa kutu anza na 40 au 60. Namba 80 ifute mikwaruzo mikubwa. Malizia na 120, au 180 ukitaka uso mzuri zaidi. Rangi kuukuu inayobaki ipigwe na 180 au 240 ili ipoteze mng'ao. Usiende mbele ya hapo kwenye chuma kitupu. Nimeona watu wakimalizia na 400 wakidhani ulaini ndio ubora. Uso ukiwa laini mno praima inateleza, haina pa kukamata.

Namna ya kuushika inategemea umbo. Kwa nondo na paipu za mviringo, kata utepe wa upana wa vidole viwili, uzungushie nyuma ya nondo, shika ncha zote mbili na uvute huku na huku. Mzunguko wote unasafishika bila kuacha upande mmoja bapa. Kwa fleti na skwea paipu, fungia msasa kwenye kipande cha mbao ili shinikizo liwe sawa. Penye nafasi nyembamba kati ya fito, zungushia msasa kwenye msumeno wa chuma uliokwisha meno. Kwenye maua ya kusokota hakuna njia ya mkato: kijiti chenye msasa nchani, brashi nyembamba, na subira.

Anza na kiti kikiwa kimepinduliwa. Fanya chini ya kiti, ndani ya miguu na ncha za miguu wakati bado una nguvu na hamu, kisha ukigeuze. Anayeanza na egemeo, mahali panapoonekana, akifika chini huwa amechoka, na chini ndiko rangi inakoanzia kufa.

Ukitumia grenda, weka diski ya msasa wa majani-majani namba 60 au 80, usiweke jiwe la kusagia. Skwea paipu ya kiti mara nyingi haifiki unene wa milimita 2. Jiwe hupita ndani kabla hujajua. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Soma diski: kasi iliyoandikwa juu yake isiwe chini ya ile ya mashine. Kinga ya diski isitolewe. Miwani ya kazi ni ya lazima, kwa sababu brashi ya kikombe hurusha nyaya zake na jicho halina vipuri. Vaa barakoa na glavu, funga nywele, na kanga, mtandio au shati lisilofungwa vifungo viachwe ndani. Waya wa umeme usipite kwenye maji uliyooshea.

Kingo na mipaka

Kingo kali za fleti na ncha za paipu zilizokatwa hazivumilii rangi. Rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ukali na kukimbilia pande mbili bapa, ikaacha pale kwenye makali utando mwembamba mno. Ndiyo maana kutu mpya huchora mstari sawasawa na ukingo wa kiti. Dawa yake ni rahisi: vunja makali kwa faili au msasa namba 80 mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Ni kazi ya dakika chache kwa kiti kizima, na sijui kwa nini mafundi wengi hawaifanyi. Faida yake nyingine ni kwamba kiti hakichani nguo ya mtu.

Pale rangi kuukuu inapokutana na chuma kitupu hubaki ngazi. Usipoisawazisha, itaonekana chini ya rangi mpya na maji yatapata pa kuanzia. Piga msasa namba 120 ukitoka kwenye rangi kwenda kwenye chuma mpaka ngazi iwe mteremko. Kisha fumba macho, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, endelea.

Utajuaje kwamba inatosha? Wanaopaka rangi matangi na madaraja hutumia kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1, chenye picha za kulinganisha chuma. Kwa kazi ya mkono na mashine ndogo kina daraja mbili: St 2, ambapo kila kilicholegea kimetoka, na St 3, ambapo usafi umezidi na chuma kinaonyesha mng'ao wake. Kwa kiti cha barazani pwani, lenga St 3 kwenye miguu, maungio na kingo. Kwingineko St 2 inatosha.

Juu ya hizo kuna kupuliza mchanga kwa mashine, njia inayofika kwenye kila kona ya ua la kusokota. Ukiwa na seti kubwa ya viti vyenye nakshi nyingi, peleka karakana inayofanya hivyo kitaalamu. Usikubali mtu aje kukupulizia uani kwa mchanga wa kawaida. Vumbi la mchanga huo huharibu mapafu bila kupona, na kama umechotwa ufukweni umekuja na chumvi yake.

Ndimu, siki, soda na dawa ya kutu

Kila nyumba ya pwani ina mtu anayejua kung'arisha shaba kwa ndimu au ukwaju, na kwa hiyo hutashindwa kumpata wa kukushauri ufanye vivyo hivyo kwa kiti. Tindikali hizo kweli huyeyusha kutu. Kwa bolti na nati ni nzuri sana: zitumbukize kwenye kikombe cha siki usiku kucha, asubuhi zisugue kwa stiliwaya, zisuuze kwa maji yenye magadi kidogo, zikaushe. Kwa kiti kizima siipendi njia hiyo. Tindikali huingia kwenye maungio, haitoki, na huanza kula chuma ulichotaka kukiokoa. Ile soda nyeusi ya chupa ina tindikali ya fosforasi kidogo sana pamoja na sukari nyingi, inywe.

Dawa ya kutu inayouzwa dukani ni jambo jingine. Iliyo na tindikali ya fosforasi hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfeti ya chuma. Iliyo na tanini huyafanya tabaka jeusi lililotulia. Zote mbili ni za kumalizia vishimo ambavyo msasa haukufika. Zikipakwa juu ya magamba mazito hugeuza juu tu na chini hubaki vilevile. Paka utando mwembamba, kwa glavu na miwani, na usome kopo kwa makini: nyingine husuuzwa, nyingine haziguswi na maji.

Acha usiku mmoja

Kazi nzito ikiisha siku ya kwanza, acha viti barazani usiku. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, vitazame kwa tochi. Chuma kitupu kitakuwa kimeota wekundu mwepesi, hilo ni la kawaida pwani wala lisikutishe. Unachotafuta ni vitone vyeusi vilivyolowa, ambavyo vimebaki na majimaji wakati sehemu nyingine ni kavu. Hapo pana chumvi ndani ya kishimo. Sugua vitone hivyo kwa brashi na maji safi ya moto, suuza, kausha, kisha uvirudie kwa msasa. Kipimo hiki hakina gharama, na kinafanya kazi hasa kwa sababu usiku wa pwani una unyevu mwingi.

Siku ya pili ni ya kumalizia: msasa namba 120 kwa kila mahali palipoota wekundu, halafu kufuta. Fagia vumbi kwa brashi laini, kisha chukua matambara mawili meupe yasiyotoa nyuzi. La kwanza lilowe thina, la pili liwe kavu lifuate nyuma yake kabla thina haijakauka yenyewe. Badilisha upande wa kitambaa kila kinapochafuka. Petroli usitumie: inaripuka, na ina viungo vinavyobaki juu ya chuma. Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta, japo mafundi wengi wanayapenda kwa urahisi wake. Upepo wa mashine ya kujazia matairi huja na mafuta na maji. Na baada ya kufuta, usishike chuma kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja ni chumvi.

Saa na majira

Kwa pwani, majira mazuri ya kazi hii ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita, ingawa kusi huvuma kwa nguvu na kuleta chumvi, kwa hiyo fanyia kazi upande wa nyumba usioelekea bahari. Kaskazi nayo inafaa, ila joto na unyevu vinachosha mtu na rangi pia. Wataalamu hawapaki rangi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na hutaka chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya lile linalofanya umande utue. Bila vipimo, tafsiri yake ni hii: anza umande ukishakauka kabisa, yaani saa tatu au nne asubuhi, na uwe umemaliza saa tisa alasiri. Fanyia kivulini. Chuma kilichokaa juani kikachoma kiganja hukausha praima kabla haijatulia.

Praima ipakwe siku hiyohiyo uliyofuta, bila kuacha chuma kitupu kilale tena. Redoksaidi ya kawaida inatosha kwa wengi. Yenye zinki fosfeti ni bora zaidi ukiipata. Anza na brashi ndogo kwenye kingo, mishono, maungio na ncha za miguu, ikauke kidogo, kisha upake kiti kizima. Ncha za paipu zilizo wazi chini zipate praima ndani kadiri brashi inavyofika, na vifuniko vya plastiki virudi vikiwa vimetobolewa tundu dogo la kutolea maji. Mkono wa pili wa praima haukwepeki pwani. Kisha usiviache viti na praima tupu kwa majuma kadhaa ukisubiri mshahara. Praima peke yake hunyonya maji.

Kama kazi unampa fundi, patana naye mapema kwamba malipo yako mafungu mawili, na fungu la kwanza ni la maandalizi. Mwambie asifungue kopo la praima mpaka umekiona kiti kikiwa kitupu, na ukifika kipindue, pitisha kitambaa cheupe chini ya kiti na ukucha kwenye mipaka ya rangi. Kitambaa kikitoka na wekundu, mrudishie msasa. Fundi mzuri hatakasirika, na atakayekasirika umemjua kabla hujamlipa.